Kabla ya barua ya kustaafu kwa hiari, piga hesabu ya miezi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na watumishi wa umma wenye umri wa miaka 52 hadi 59, hasa walimu na wauguzi wa halmashauri. Wengi wao huamua kuondoka kazini kwa sababu wamechoka, au kwa sababu wamesikia fulani kaondoka na kalipwa. Sheria inamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa walio wengi 60 ndiyo mwisho, atake asitake. Kati ya 55 na 60 kuna miezi 60, na kila mwezi una bei yake. Bei hiyo inapigwa kwa kalamu na karatasi, tena haichukui nusu saa.

Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kilichoanza Julai 2022 kinataka mambo mawili kutoka kwako: idadi ya miezi uliyochangia, na wastani wa mshahara wako wa mwaka kwa miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho. Gawanya miezi kwa 580, kisha zidisha kwa wastani huo. Hapo una pensheni kamili ya mwaka. Kwa waliotoka PSPF na LAPF (mifuko ya zamani ya pensheni ya watumishi wa serikali kuu na halmashauri), ambao bajeti ya 2024/25 iliwapandisha kutoka asilimia 33 hadi 40, chukua asilimia 40 ya pensheni hiyo uzidishe kwa 12.5, huo ndio mkupuo, fedha unayolipwa mara moja ukiondoka. Asilimia 60 inayobaki igawe kwa 12, upate pensheni ya mwezi. Waliotoka PPF (mfuko wa zamani wa mashirika ya umma) na wale wa NSSF (mfuko wa sekta binafsi) watumie asilimia 35 na 65.

Tumchukue mwalimu wa miaka 55 aliyekuwa PSPF, amechangia miezi 360, wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Pensheni kamili ni kama 8,938,000. Mkupuo wake unakuja takriban 44,690,000, na pensheni ya mwezi takriban 447,000. Ukitazama vizuri utaona mkupuo ni pensheni ya mwezi mara 100, wala haikutokea kwa bahati: kwa kundi la asilimia 40 itakuwa hivyo daima. Ukiambiwa pensheni yako, ongeza sifuri mbili, umeujua mkupuo.

Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF (kugawa kwa 540, mkupuo wa asilimia 50, kuzidisha kwa 15.5) mwalimu huyo huyo angeondoka na mkupuo wa 74,400,000 na pensheni ya 400,000. Nyongeza ya 47,000 kwa mwezi ingehitaji zaidi ya miaka 52 kufidia pengo la mkupuo. Manung'uniko ya watumishi kuhusu kikokotoo yana msingi wa hesabu, na wanaoyaita uelewa mdogo wangeanza kwa kuipiga wenyewe. Ila manung'uniko hayajengi nyumba. Anayepanga maisha yake kwa fedha aliyolipwa jirani mwaka 2015 atakwama kwenye lenta.

Sasa tarehe. Mwalimu wetu akibaki hadi 60 bila mshahara kupanda hata senti, miezi inakuwa 420: mkupuo unafika kama 52,140,000 na pensheni 521,000. Mshahara ukipanda, hesabu hubadilika zaidi, na hapa ndipo watu wanapojiumiza. Tuseme amepandishwa daraja kutoka 1,200,000 hadi 1,500,000, akakaa mwaka mmoja tu, akaandika barua akiwa na miezi 360. Miaka yake mitatu bora ina mwaka mmoja wa mshahara mpya na miwili ya ule wa zamani, kwa hiyo wastani ni 1,300,000. Pensheni: 484,000. Angevumilia miaka miwili zaidi, wastani ungekuwa 1,500,000 kamili na miezi 384. Pensheni ingekuwa 596,000 na mkupuo ungezidi kwa zaidi ya milioni 11. Kwa hiyo ukipanda daraja ukiwa na miaka 55, 56 au 57, na afya inaruhusu, maliza miezi 36 ndani ya mshahara huo kabla ya kuaga. Posho usiziingize kwenye hesabu hii, ni mshahara wenyewe tu.

Aliyeajiriwa akiwa mtu mzima aangalie kwanza miezi 180. Pungufu ya hapo hakuna pensheni ya kila mwezi, unalipwa mara moja tu mambo yanaisha. Aliyeanza kazi akiwa na miaka 42 hafikishi miezi hiyo hadi atimize 57.

Ukishajua tarehe, nenda masjala ukaombe kuona jalada lako, mapema, si wiki ya kuaga. Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini na barua ya mwisho ya kupanda cheo ndizo hupotea zaidi, hasa kwa waliohamishwa halmashauri mbili tatu au waliokuwa kwenye wilaya iliyogawanywa. Jina liwe moja kuanzia barua ya ajira, kitambulisho cha NIDA, hadi akaunti ya benki. Aliyeajiriwa kwa jina la baba na baadaye akatumia la mume anahitaji hati ya kiapo, na ni vyema aitafute kabla fomu hazijarudishwa. Tarehe ya kuzaliwa inayotumika ni ile uliyojaza ulipoajiriwa. Wapo wanaoendelea kufundisha wakidhani bado mwaka mmoja, kumbe jalada linasema walishafika 60, na mishahara waliyopokea baada ya hapo inageuka deni.

Omba pia taarifa ya michango kutoka Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma (PSSSF) na uipitie mwezi kwa mwezi. Mashimo hukaa sehemu zinazojulikana: miezi ya kwanza ya ajira, miezi ya uhamisho, na kipindi ulichokuwa nje ya utumishi ukarudi. Shimo la mwaka mmoja kwa mwalimu wetu ni kama 15,000 kila mwezi hadi anaingia kaburini, na milioni moja na nusu kwenye mkupuo. Kuliziba kunahitaji hati za malipo za kipindi hicho, kwa hiyo zile karatasi za zamani za mshahara zisifungiwe maandazi. Barua yenyewe iandikwe angalau miezi sita kabla, na ndani yake ukumbushe nauli na gharama za kusafirisha mizigo kwenda kwenu, maana zinatoka kwa mwajiri na ndizo huchelewa kuliko mafao.

Kuhusu mikopo nitakuwa mfupi: usichukue mkopo mpya wa benki ndani ya miaka mitatu ya mwisho, na wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, usiuguse kabisa. Kadi ya benki ikishawekwa rehani kwa mkopeshaji, pensheni inakuwa yake.

Baada ya kulipwa, fedha ikae benki miezi mitatu hadi sita bila kuguswa. Siku hizo ndizo zenye simu nyingi. Matapeli hupiga wakijiita maofisa wa Hazina au wa Mfuko, wakitaka "ada ya kufungua jalada". Hakuna ada ya namna hiyo. Ndugu nao watakuja na shida za kweli, na hao ni wagumu kuwakatalia kuliko matapeli. Jibu rahisi ni kwamba fedha imefungwa, na iwe imefungwa kweli.

Sehemu moja ya kuifunga ni hatifungani za Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba. Unafungua akaunti ya CDS, inayotunza hatifungani zako, kupitia benki au dalali wa soko la hisa, unaanza na shilingi 1,000,000, na riba huingia kila miezi sita. Milioni 30 kwa riba ya asilimia 12, kwa mfano, ni 1,800,000 kila nusu mwaka. Ukihitaji mtaji kabla ya muda utauza sokoni kwa bei ya siku hiyo, ambayo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Hivyo usiweke huko fedha ya kumalizia paa. Mwenza wako ajue akaunti hizi zilipo, kwa kuwa mstaafu akifariki wategemezi hulipwa mkupuo wa pensheni ya miezi 36, na pensheni ya kila mwezi inakoma.

Wengi lakini hukimbilia kuku. Kuku 500 wa mayai hula mifuko 70 hadi 80 ya kilo 50 kabla ya yai la kwanza, ambalo huja wiki ya 18 hadi ya 20. Wakianza kutaga, kila mmoja anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku, yaani zaidi ya mfuko mmoja kila siku, mayai yauzike yasiuzike. Chanjo ya kideri ikirukwa, banda linaweza kubaki tupu ndani ya wiki. Biashara hii ina faida kwa aliyeijua. Anayeitaka aanze na kuku 50 akiwa na miaka 56, mshahara ukiwa bado unaingia na makosa yakiwa bado ya bei nafuu.

Bima ya afya isisahaulike. Kadi ya NHIF ya mstaafu ni yake na mwenza wake. Mama mzazi na mtoto aliyeko chuoni wanaondoka kwenye kadi, na matibabu yao yatengewe fungu kabla ya kununua tofali.

Ombi langu kwa maofisa utumishi wa halmashauri ni kwamba semina za wastaafu watarajiwa zihamishwe kutoka miezi ya mwisho ya ajira zipelekwe kwa watumishi wa miaka 52, na kila mmoja atoke mlangoni na karatasi yenye miezi yake, wastani wake na makadirio ya tarehe mbili: ya hiari na ya lazima.

Mdau wa utumishi wa umma,
Morogoro