Bahasha ya dawa iandikwe jina la dawa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauza dawa wa hapa Moshi, hasa wanaotia vidonge katika kibahasha cha karatasi, wakaandika juu yake "2x3" na kumkabidhi mteja bila kuandika jina la dawa.

Alama hiyo humweleza mgonjwa ameze vingapi na mara ngapi, lakini haimwambii anameza nini. Mwenye mafua na maumivu ya kichwa anaweza kununua parasetamoli ya miligramu 500 duka moja na dawa ya mafua duka jingine, asijue kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Vidonge viwili mara tatu kwa siku ni gramu 3, kiasi ambacho mtu mzima mwenye afya hukimudu. Dawa ya mafua ikimwongezea gramu 3 nyingine, amefika gramu 6, ilhali kikomo cha siku nzima ni gramu 4.

Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa kemikali kali, kisha huizima kwa akiba yake ya glutathioni. Akiba ikiisha, kemikali hiyo hulishambulia ini lenyewe. Anayekunywa pombe kila siku huku akila kwa kubahatisha (na vilabu vya mbege tunavijua) akiba yake huwa haba tangu mwanzo. Kibaya zaidi, siku ya kwanza mgonjwa huweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi kitu, na saa zinayoyoma, wakati asetilsisteini, dawa ya kuliokoa ini, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Daktari wa zamu akionyeshwa bahasha yenye "2x3" peke yake ataanzia wapi?

Zipo pia dawa zinazopunguzana nguvu. Rifampisini ya kifua kikuu hulifanya ini livunje upesi homoni za vidonge vya uzazi wa mpango, na mama akashika mimba bila kuruka hata kidonge kimoja.

Naliomba Baraza la Famasi, wakaguzi wake wanapopita katika maduka ya dawa muhimu, wasiishie kutazama leseni ukutani na tarehe za kuisha muda wa dawa, bali wachukue na bahasha zilizo mezani, waone kama zimeandikwa jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu na tarehe iliyouzwa.

Msomaji wako,
Majengo, Moshi