Kidonda cha kulalia huanzia mfupani

Mhariri,

Huku Lindi, mtu akianguka kutoka kwenye mnazi akaumia uti wa mgongo, au akipooza kwa kiharusi, ndugu huja kuona kidonda cha makalio wiki chache baadaye na kulaumu joto au uchafu. Jasho na mkojo hulainisha ngozi, ni kweli, lakini chanzo chenyewe ni uzito. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo ya damu huzibwa, na nyama iliyokosa damu kwa saa chache huanza kufa. Mara nyingi hufa kuanzia ndani. Ndiyo maana tundu dogo kifanduguni, kwenye mfupa wa chini kabisa wa mgongo, huweza kuficha shimo kubwa, na vijidudu vikiingia kwenye mfupa au damu, aliyelazwa kwa kuvunjika mguu huuawa na kidonda.

Msisubiri wekundu, kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Tumieni kiganja. Palipo na joto, ugumu, utepetevu au maumivu kuliko ngozi ya jirani, pameanza. Kagueni kifandugu, nyonga, visigino na kisogo.

Mgonjwa ageuzwe takriban kila saa 2, usiku pia. Asilazwe ubavu moja kwa moja, maana uzito wote utahamia kwenye nyonga. Ainamishwe nyuzi 30 hivi, mto ukimshikilia mgongoni. Asiburutwe. Wawili washike shuka wamnyanyue. Kichwa cha kitanda kikiachwa juu baada ya kumlisha, mgonjwa huteleza: mfupa unashuka, ngozi inabaki imeng'ang'ania shuka, na nyama ya katikati inachanika. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Zile glavu zilizojazwa maji na kuwekwa chini ya visigino, zinazopendwa wodini, hazitoshi, na ringi ya mpira makalioni hubana damu pembeni. Kusugua kwa spiriti ndiko kubaya zaidi, maana nyama iliyokwisha kuumia huumizwa tena.

Godoro nalo lipimwe: pitisha kiganja chini yake, ukiusikia mfupa wa mgonjwa, sponji imekwisha.

Uji mtupu wa muhogo haujengi nyama. Mbaazi, samaki na mayai hujenga.

Ombi letu kwa wakuu wa wodi: kitanda cha asiyejigeuza kitundikwe karatasi ya saa na upande, na ndugu anayemuuguza afundishwe kugeuza na kuijaza. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku hawezi kuwafikia wote kila saa 2.

Wauguzi, Lindi