Picha ya Mzee bado haijakauka

Tanga

Mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote nyumbani. Sisi huku tu wazima. Najua umeninunia kwa kimya cha miezi miwili, na haki unayo, kwani picha ya marehemu Mzee niliyoahidi kuikamilisha kabla ya Idi ingali imeegemea ukutani, ina nusu ya uso.

Kilichonishinda ni ngozi yake. Nilianza kwa kuchanganya kahawia na rangi nyeusi, nikidhani mtu mweusi huchorwa kwa nyeusi, na uso ukatoka umepauka kama jivu, hata Zuhura alipopita akaniuliza iwapo Mzee alikuwa anaumwa. Sasa nyeusi nimeiweka kando kabisa. Vivuli navipata kwa kuchanganya kahawia na buluu, na pale kipaji kinapopokea mwanga wa mbingu natia nyeupe yenye buluu kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kumtambua.

Halafu kuna subira, ambayo unajua sikujaaliwa. Rangi hizi (si zile za kupakia milango, alizonifungia muuza duka nilipomwomba “rangi ya mafuta”) husagwa katika mafuta ya kitani, nayo hayakauki kwa kuvukizwa kama maji, bali hugandishwa polepole na hewa. Kwa hiyo tabaka la chini huzimuliwa kwa tapentaini, na yanayofuata huzidishiwa mafuta, la sivyo picha hupasuka baadaye. Shavu la kushoto nililifanyia haraka, nikalikwangua mara tatu. Hata nikimaliza, vanishi itasubiri kama miezi 6.

Narudi kwenye ngozi, maana kosa si langu peke yangu. Picha mliyonipa ilipigwa kwa flashi usiku, vivuli vyote vikafutika, pua ikalala, na mfupa wa shavu sijui unaanzia wapi. Nitachoraje nisichokiona?

Je, ile aliyopigwa barazani mchana, akicheza bao na Mzee Kombo, bado ipo? Mwanga ulimjia kutoka upande gani? Kovu la nyusi lilikuwa la kulia au la kushoto, maana mimi na Zuhura tumebishana mpaka chai ikapoa? Na mama atakubali nimchore bila ile kofia ya viua, au nitakuwa nimejitafutia kesi?

Ni mimi rafiki yako,
Salim