Damu ya Juni haimfikii mgonjwa wa Agosti

Mhariri,

Toleo lenu la wiki iliyopita lilibeba picha ya wanachama wa klabu ya kujitolea ya hapa Tanga wakikabidhi sabuni, sukari na pampasi katika wodi ya wazazi. Sina ugomvi na sabuni. Klabu hiyo imepanda miti, imepaka rangi madarasa, na kila Juni huandaa zoezi la kuchangia damu ambalo hujaza ukumbi. Hilo la damu ndilo ninalotaka kulisemea, maana nimefanya kazi maabara ya hospitali hadi nikastaafu, na najua kinachofuata mahema yakishakunjwa.

Damu haiwekwi ghalani kama mchele. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu siku 35 hivi, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku tano tu. Siku ya Wachangia Damu Duniani ni 14 Juni, na kila taasisi mjini inataka ionekane wiki hiyohiyo. Chupa iliyotolewa siku hiyo, ikifika 19 Julai haina kazi tena. Ndiyo maana Agosti ndugu wa mgonjwa wanaambiwa watafute watu wa kuchangia, na vijana wa bodaboda wanaanza kupigiwa simu saa tano usiku.

Wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari na vyuo. Juni na Desemba wako likizo. Juni hiyohiyo masika ndiyo kwanza yamepita, malaria imepamba moto, na watoto wanaletwa viganja vimekuwa vyeupe kwa kupungukiwa damu. Ramadhani nayo, katika mji wa wafungaji wengi kama huu, mchana humpati mtu wa kumtoa damu. Mwenye selimundu au mama aliyejifungua akavuja damu nyingi haangalii kalenda ya nani.

Nitasema na la mgeni rasmi, japo najua halitawafurahisha wote. Mchangiaji hupimwa kwanza wingi wa damu. Unamchoma kidole, unadondosha tone kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu. Tone likizama moja kwa moja, damu yake inatosha, anaruhusiwa kuendelea. Likisuasua au kuelea, unampa pole na kumshauri kuhusu chakula. Mwaka mmoja nilikaa na vichupa vyangu vya buluu mezani tangu saa mbili asubuhi, foleni ikiwa imeshapangwa, tukakatazwa kuanza mpaka mgeni rasmi akate utepe. Alifika saa sita imepita. Watu walikuwa wamekunywa chai alfajiri, na jua la Tanga mnalijua. Wawili walizimia kwenye viti mara baada ya kutolewa damu, foleni nzima ikitazama. Baadhi ya waliokuwa nyuma yao waliondoka kimyakimya. Kosa halikuwa lao.

Klabu ina vitu viwili ambavyo sisi wa maabara hatukuwa navyo: namba za simu za watu, na kuaminiwa mtaani. Mtaani wanasema damu tunayotoa bure inakwenda kuuzwa. Damu haiuzwi. Na kabla haijamfikia mgonjwa, kila chupa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Maelezo hayo yakitoka kwa mtu wa hospitali huonekana ni kujitetea. Yakitoka kwa fundi cherehani ambaye ni mwanachama wa klabu, jirani yake atayasikiliza.

Ombi langu ni kwamba watu walewale wanaojaza ukumbi Juni wagawanywe makundi matatu, kila mwezi lije kundi moja. Mwanaume mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65 na kilo zisizopungua 50, anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu. Mwanamke asubiri minne, kwa hiyo atahamia kundi linalofuata. Ramadhani zoezi lifanyike usiku, watu wakishafuturu. Watumishi wa Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, wapewe ratiba ya mwaka mzima mapema, siyo kushtukizwa wiki moja kabla. Gharama yake ni ujumbe wa simu, soda na biskuti. Fulana zenye nembo zinaweza kusubiri, na mgeni rasmi akitaka kuja, aje kama mchangiaji, apange foleni.

Najua watakaonijibu kwamba zoezi la watu thelathini halina mvuto na waandishi hawaji. Hilo, Mhariri, liko mikononi mwenu. Tumeni mpiga picha Agosti.

Fundi sanifu maabara mstaafu,
Ngamiani, Tanga