Asante, mzee wangu uliyeilegeza injini

Land Rover yangu ya Series III ilikaa juu ya mawe miaka 11. Niliifungua ili niifufue, kisha kazi na ugonjwa vikanivuta pembeni, vipuri vikabaki vimechanganyika kwenye ndoo. Kila nilipopita pale nilijiona nina deni. Bodi ni ya alumini, haikuliwa na kutu. Chesisi, yaani fremu ya chini ya chuma, ndiyo iliyoteseka, na injini ilikwama kabisa.

Mzee mmoja, ambaye hataki nimtaje jina, aliiona akapiga hodi. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Alitoa plagi zote nne, akamimina mafuta mepesi ya kulegeza kutu katika kila silinda, akasema tuiache. Alirudi kila jioni kwa siku sita, akaongeza mafuta na kujaribu kwa spana ndefu kwenye nati ya mbele ya krenkshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), mbele na nyuma, kidogo kidogo. Haitaki kulazimishwa, maana pete za pistoni huvunjika. Siku ya saba spana ilisogea upana wa kidole. Machozi yalinitoka.

Lililonigusa zaidi ni ndoo. Aliketi nami chini tukazimwaga, tukapanga boliti kwenye mifuko na kuandika kila mmoja: breki, kabureta, milango.

Malipo amekataa. Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Nawe mwenye ujuzi, ukiona gari la jirani limefunikwa turubai miaka nenda rudi, bisha hodi. Sisi Jumamosi tunaanza breki.