Kocha wa shule aagwe akiwa na msaidizi wake, si na ngao peke yake

Mhariri,

Shule zetu hapa Mombasa zinajua kuwaaga makocha waliokonga na filimbi mdomoni. Hema hupigwa, mzee akavishwa kikoi, akakabidhiwa ngao ya kioo, wageni wakala biriani. Hakuna ubaya. Ila mara nyingi muhula unaofuata timu husambaratika, na lawama huwaangukia watoto: hawana nidhamu, hawataki mazoezi, wanataka simu tu. Sababu ni nyepesi kuliko hiyo. Kazi yote ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, naye ameondoka nayo.

Walioketi hemani aghalabu wameiona timu siku ya mechi tu, kazi ya kila siku hawaijui. Tuanze na joto, maana ndilo linaloifanya kazi ya kocha wa pwani kuwa tofauti na ya mwenzake wa bara. Kati ya Januari na Machi, kocha anayejua kazi hagusi mazoezi mazito kabla ya saa kumi na nusu jioni. Kila baada ya dakika 15 au 20 anasimamisha mchezo, kila mmoja anakunywa mililita 150 hadi 200 za maji, awe na kiu au asiwe nayo. Mchezaji akianza kuyumba, kutapika au kujibu mambo yasiyoeleweka, haambiwi ajikaze. Anapelekwa kivulini, anavuliwa jezi na viatu, anamwagiwa maji baridi mwili mzima, anawekewa barafu shingoni, kwapani na kinenani, anapepewa. Gari la hospitali liitwe papo hapo, lakini kumpoza kusingoje gari. Wengi hukosea kwa kusubiri jasho likauke ndipo waamini kuwa ni joto. Kijana aliyekuwa akikimbia anaweza kuzidiwa na joto huku jasho lingali likimchuruzika.

Kisha kuna Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia muhula wa kwanza, wakati wa mpira wa kikapu, wa mikono na wa magongo. Kocha mgeni hufanya mojawapo ya makosa mawili: huvunja mazoezi mwezi mzima, au huendelea na ratiba ileile ya siku zote. Mzoefu huanza dakika 40 hivi kabla ya magharibi, na wachezaji hufanya kazi ya mpira tu: pasi, kulenga, kujipanga. Mbio ndefu hakuna. Adhana ikilia, maji na tende vipo pale pale. Wasiofunga hupewa mbio zao pembeni, na maji yao hunywewa nyuma ya jengo, kwa adabu. Mambo haya hayamo katika mwongozo wowote wa ukocha niujuao.

Viwanja vyetu vingi ni mchanga mgumu uliochanganyika na vipande vya matumbawe, na hapo kifundo cha mguu ndicho huumia kwanza. Mpango wa FIFA 11+ wa kupasha mwili una mazoezi 15 ya dakika 20 hivi: dakika 8 za kukimbia polepole, 10 za nguvu, mizani na kuruka, 2 za kukimbia kwa kasi. Timu ikichelewa kufika, sehemu inayorukwa ni ile ya katikati, nayo ndiyo inayolinda magoti na vifundo. Heri kufupisha mwisho wa mazoezi ya siku hiyo.

Mipira nayo ina ujuzi wake. Kwa wachezaji 24 inatakiwa mipira 12, mmoja kwa wawili. Ikiwa mitatu, watoto wanashinda kwenye foleni. Sindano ya pampu ilowanishwe kabla ya kuingizwa, kwani ikiwa kavu hukata tundu na upepo huanza kutoroka. Mpira usijazwe kupita kipimo kilichoandikwa karibu na tundu, wala usiachwe juani, maana upepo wa ndani hutanuka na mishono ikaachia.

Vyeti vya kuzaliwa, fomu zenye picha, barua za wazazi: kila mwalimu wa michezo anajua usiku unavyokwenda kwa makaratasi hayo. Timu nzuri hutolewa mashindanoni kwa sababu ya karatasi moja iliyosahaulika ofisini.

Sasa, nani amerithishwa haya? Hapo ndipo heshima ya kweli inapoanzia. Kocha anayetarajiwa kustaafu apewe msaidizi mwaka mzima kabla, mihula yote mitatu, kwa sababu kila muhula una michezo yake na matatizo yake. Iten, mji wa wanariadha huko Bonde la Ufa, inatajwa duniani kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya mtawa Bruda Colm O'Connell, aliyefika shule ya St Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila ujuzi wa riadha. Alijifunza kwa kumsaidia mwalimu mwenzake, Peter Foster. Foster aliondoka, kazi ikabaki, na miaka mingi baadaye mwanafunzi wa Bruda Colm, David Rudisha, akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012. Usaidizi ule haukuhitaji hema.

Msaidizi asiwe mbeba mipira. Muhula wa kwanza atazame na kuandika daftari: ratiba ya wiki, nani ana pumu, nani anatoka Likoni na hivyo asicheleweshwe kivukoni usiku, mzazi gani hapokei simu ila kupitia shangazi. Muhula wa pili aendeshe mazoezi mara mbili kwa wiki, mzee akiwa pembeni. Wa tatu abadilishane naye nafasi kabisa. Shule impe posho na imlipie ada ya kozi ya leseni ya ukocha ya CAF D, ngazi ya kuanzia ya Shirikisho la Soka Afrika. Bei ya ngao na chakula cha wageni ingesaidia sana hapo.

Nimalizie na lile linalopendwa sana, kombe la kumbukumbu lenye jina la kocha. Mengi hufa baada ya mwaka mmoja, kwa kuwa pesa zote ziliishia kwenye kombe, jezi na vipaza sauti. Lifanyeni dogo. Timu nane za wachezaji saba saba, makundi mawili, uwanja mmoja ugawanywe nusu mbili. Mechi ya dakika 20 na mapumziko ya dakika 5 kabla ya inayofuata. Mechi 12 za makundi, nusu fainali mbili kwa wakati mmoja na fainali zinakwenda saa tatu na dakika 20. Mkianza saa moja na nusu asubuhi, mmemaliza kabla ya saa tano, jua halijachoma. Timu nne zikitumia uwanja mmoja, haziwezi zote kukwepa kucheza mara mbili mfululizo. Ratiba ihakikishe tu kwamba jambo hilo haliipati timu moja zaidi ya mara moja. Kwa watoto 80, wa akiba wakiwemo, wekeni madumu manane ya lita 20 ya maji safi ya kunywa, na mengine mawili ya kupoza mwili. Waamuzi watatu walipwe siku hiyo hiyo, mmoja akipokezana na wenzake. Mtu wa huduma ya kwanza awepo tangu mechi ya kwanza, si tangu fainali. Kombe linunuliwe mwisho, kwa pesa zilizobaki, na msaidizi ndiye aandae ratiba.

Mwalimu wa michezo,
Kisauni, Mombasa