Baada ya Usaili, Bado Kiapo

Rehema ndugu yangu,

Salamu, na pole kwa presha ya usaili wa kuomba uraia wa Marekani. Sasa itafute ile karatasi uliyopewa kabla ya kutoka, fomu N-652 ya matokeo ya usaili, utazame afisa ameweka alama kwenye kisanduku gani. Yote yanayofuata yanategemea hapo.

Kama umependekezwa kukubaliwa, bado hujawa raia mpaka uape. Ofisi nyingine huapisha siku hiyohiyo, nyingine hukutumia mwaliko, fomu N-445. Ukihama katikati ya kungoja, wape USCIS, idara ya uhamiaji inayoshughulikia ombi lako, anwani mpya ndani ya siku 10. Barua ikipotelea nyumba ya zamani, siku ya kiapo itakupita, na anayekosa zaidi ya mara moja bila sababu ya maana huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake.

Kama uamuzi umeahirishwa, usilie. Mara nyingi unadaiwa kitu tu: hati ya korti kuhusu kesi iliyokwisha zamani, cheti cha talaka, au karatasi za kodi. Barua itataja wanachotaka na siku ya mwisho, kwa kawaida siku 30. Peleka vyote kwa mkupuo mmoja, barua yenyewe ikiwa juu. Wanaopeleka nusu wakiahidi nusu nyingine hujiponza, kwa sababu afisa anaweza kuamua kwa kile alichonacho mezani. Aliyeanguka Kiingereza au maswali ya uraia hurudia sehemu aliyoanguka tu, kati ya siku 60 na 90. Akianguka tena, ombi hukataliwa.

Kisheria wana siku 120 tangu usaili kutoa uamuzi. Zikipita kimya, unaweza kwenda mahakama ya shirikisho, ila uliza kwanza kwa maandishi. Ukikataliwa, una siku 30 za kuomba kusikilizwa upya kwa fomu N-336. Ada yake si ndogo, na kama kosa lilikuwa ni kupungukiwa na muda wa kuishi nchini, mimi naona heri kungoja utimie na kuomba upya.

Nyuma ya N-445 kuna maswali ya mambo yaliyotokea tangu usaili: safari, kukamatwa, ndoa, talaka. Yajibu siku ya kiapo, si wiki moja kabla, kwani yanahesabu mpaka siku hiyo. Kama uliomba kwa njia ya mume raia, ile inayodai miaka 3 ya ukaazi, talaka kabla ya kiapo inaweza kukuangusha ukiwa mlangoni kabisa.

Jihadhari pia ofisi ya leseni ya udereva. Huko huuliza, kama jambo dogo tu, kama unataka kuandikishwa kupiga kura. Kabla ya kiapo jibu ni hapana, hata kama karani anakuharakisha. Kujiandikisha mapema kunaweza kuharibu kila kitu.

Siku yenyewe utarudisha grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) na kupewa cheti cha uraia. Usiondoke ukumbini kabla hujasoma jina na tarehe ya kuzaliwa, herufi kwa herufi. Kosa likigunduliwa pale hurekebishwa kwa urahisi, likigunduliwa nyumbani ni fomu N-565 na kungoja sana. Na cheti usikifanyie laminesheni ya plastiki.

Tikiti ya ndege usikate kwa wiki za mara baada ya kiapo. Grini kadi umeshairudisha, pasi ya kusafiria ya Marekani huna, utasafiri na nini? Omba pasi kwa fomu DS-11. Cheti halisi huenda pamoja nayo na hurudi kwa bahasha tofauti na pasi, basi usishtuke kimoja kikitangulia. Ofisi ya Social Security, ya hifadhi ya jamii, wape kama siku 10 baada ya kiapo kabla ya kwenda kubadilisha taarifa zako. Mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grini kadi, anayeishi nawe chini ya malezi yako ya kisheria, anakuwa raia pamoja nawe, hivyo muombee pasi yake.

Nijibu kisanduku ni kipi, na kama kuna barua ya kudai hati, niandikie maneno yake yalivyo.

Wako,
Zuhura